Je, Fedha Yaweza Kushika Mahali pa Jirani?

Siku hizi katika miji mingi ya dunia yako mashindano barazani kwa habari ya nyumba za watu wenye pato dogo. Mji ukikua, bei ya kiwanja hupanda, na kodi ya kupanga nyumba hupanda pamoja nayo. Mwalimu, mfagiaji, mwuguzi na mpishi hufanya kazi mjini mchana, lakini usiku hawana mahali pa kulala humo. Hapo wajumbe wa baraza huulizana: Tufanye nini? Wengine husema, Wajenzi na walipe ada, na fedha ile iwajengee maskini. Wengine husema, Sivyo. Wajenzi na wapewe ruhusa ya kujenga nyumba nyingi zaidi, ila baadhi yake ziwe za bei ndogo. Watu wengi hudhani kwamba jambo hili ni la hesabu tu, nalo lawahusu makarani na wapima ardhi. Sisi twaona kwamba ndani yake limo swali la haki: mtu akiwa na deni kwa jirani yake, je, aweza kulilipa kwa fedha ili jirani huyo akae mbali naye?

Ili tusinene hewani, na tutazame mahali pamoja ambapo swali hili limebishaniwa zaidi ya miaka 50, na habari zake zimeandikwa wazi katika hukumu za mahakama. Mahali hapo ni Mount Laurel, mji mdogo wa jimbo la New Jersey katika Marekani, usio mbali na mji mkubwa wa Philadelphia.

Hapo kwanza Mount Laurel palikuwa mahali pa mashamba. Miongoni mwa wenyeji wake walikuwamo watu weusi ambao wazee wao walikaa huko tangu zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili barabara kubwa zilipitishwa, na watu wenye mali wakaanza kutoka katika miji ya karibu na kujenga huko. Ndipo mji ukatunga sheria ya kugawa ardhi. Sheria hiyo haikumtaja mtu mweusi wala maskini. Ilitaja vipimo tu. Ilisema kwamba nyumba ya kukaa iwe ya jamaa moja, isimame peke yake, tena katika kiwanja kisichopungua kipimo kilichowekwa. Karibu sehemu 3 katika 10 za ardhi yote ziliwekwa kwa ajili ya viwanda, ingawa viwanda vilivyokuja vilikuwa vichache sana. Na pale mji ulipokubali nyumba za kupanga, ulifanya mapatano na wajenzi kwamba vyumba vya kulala viwe vichache, ili watoto wa shule wasiwe wengi. Na watoto wakizidi hesabu iliyowekwa, mjenzi alipe gharama ya shule yao. Maana shule za huko hutegemea sana kodi inayotozwa juu ya majumba na ardhi, na mtoto wa mtu mwenye nyumba ndogo alihesabiwa kuwa hasara. Tazameni, ndugu, jinsi hesabu peke yake iwezavyo kuwafikisha watu mbali: mtoto anaandikwa upande wa madeni.

Basi wenyeji maskini wakabanwa. Nyumba zao zilikuwa za kale na mbovu. Wengine walikaa katika mabanda yaliyokuwa ya kuku hapo kwanza. Mji ulizifunga nyumba zilizoharibika, lakini haukuwaruhusu watu wale wajenge nyingine ambazo wangeweza kuzilipia. Walileta shauri la kujenga nyumba 36 za kupanga, nalo likakataliwa. Jumapili moja ya mwaka 1970 mkuu wa mji alifika katika kanisa lao kutoa jibu, na jibu lake lilikuwa kwamba wasioweza gharama za kukaa Mount Laurel hawana budi kuhama. Mama mmoja wa jamaa za kale za mji ule, Ethel Lawrence, hakukubali kuhama. Mwaka 1971 yeye na wenzake walikwenda mahakamani.

Mwaka 1975 mahakama ya juu ya New Jersey ilikata shauri hilo. Ilisema kwamba uwezo wa kugawa ardhi si mali ya mji mmoja. Mji umeupokea kutoka katika jimbo lote, kwa ajili ya faida ya watu wote wa jimbo. Kwa hiyo mji unaokua hauna haki ya kuutumia uwezo huo kwa kuwafungia nje watu wenye pato dogo, bali sharti uwaachie nafasi ya kweli ya kupata nyumba. Hukumu ilikuwa njema, lakini utii haukufuata. Mji ulitenga vipande vitatu vidogo vya ardhi isiyofaa, ukasema, Tumekwisha kutii. Ikapita miaka 8 bila nyumba hata moja ya maskini kusimama. Mwaka 1983 mahakama ile ile ilinena tena, na safari hii ilitoa meno pamoja na maneno. Hapo ndipo yalipopata nguvu mambo mawili tunayotaka kuyapima, yaani ruhusa ya mjenzi, kisha ada.

Kwanza tuseme juu ya ruhusa. Mahakama ilisema kwamba mjenzi akikubali kutenga sehemu kubwa ya nyumba zake kwa watu wenye pato dogo, na 20 katika 100 ilihesabiwa kuwa kipimo cha haki, naye akikataliwa na mji uliovunja wajibu wake, aweza kuushitaki na kupewa idhini ya kujenga nyumba nyingi kuliko sheria ya mji ilivyoruhusu. Maana yake ni rahisi kufahamu. Ekari moja ikijengwa nyumba 2, bei ya ardhi yagawanywa mara 2. Ikijengwa nyumba 10, yagawanywa mara 10. Faida ya zile 80 yabeba upungufu wa zile 20. Hivyo mjenzi apata faida, na maskini apata mlango wa kuingia, wala hazina ya mji haitoi kitu.

Wengine wamechukizwa na neno hili. Husema, Je, ni halali mtu atajirike kwa kuwapa maskini makao? Je, hii si rushwa, kumpa mjenzi ruhusa ili atende wema? Sisi twajibu kwamba inatupasa kwanza kuuliza ni nani aliyemzuia mjenzi asijenge nyumba ndogo. Ni mji wenyewe, kwa sheria yake. Mtu akijenga ukuta njiani, kisha akaubomoa nusu, hawezi kusema kwamba amewapa wapitaji zawadi. Amerudisha njia iliyokuwa yao. Hata hivyo yako mambo ya kuangaliwa. Ruhusa ya kujenga sana ina thamani kubwa, na thamani hiyo imetoka kwa watu wote, wala si kwa wajumbe wa baraza peke yao. Kama mjenzi apewa nyumba 100 za ziada naye atenga 2 tu, au kama zile nyumba za bei ndogo zabaki hivyo mwaka mmoja, kisha zauzwa kwa bei ya soko, basi mali ya watu imetolewa bure. Faida ya mjenzi si dhambi; dhambi ni kipimo kilichopotoshwa kwa siri.

Pili, ada. Miji mingine ya jimbo lile ilianza kuwatoza wajenzi fedha, na mwaka 1990 mahakama ilikubali kwamba ada hiyo yaweza kuwa halali ikiwa yatumika kwa nyumba za watu wenye pato dogo. Baadaye kanuni za jimbo ziliweka mpaka wa 1.5 katika kila 100 ya thamani ya nyumba mpya za kukaa. Na mwaka 2008 jimbo lilitunga sheria ya kutoza 2.5 katika kila 100 juu ya maduka, maofisi na majengo mengine yasiyo ya kukaa. Sababu yake ni hii: duka kubwa au ofisi kubwa huita wafanya kazi, na wafanya kazi wahitaji nyumba, kwa hiyo yule aliyewaita na achangie makao yao. Lakini wakati ule uchumi wa Marekani ulianguka vibaya, na mwaka 2009 ada hiyo juu ya majengo ya biashara ilisimamishwa kwa muda, kwa kuwa watu walihofu kwamba kazi ya ujenzi itakoma kabisa.

Hapo twaona ukweli ulio katika malalamiko ya wajenzi, nao haufai kudharauliwa. Husema, Mwatutoza ada sisi tunaojenga, lakini yule aliyekwisha kujenga nyumba yake kubwa miaka 20 iliyopita, akapiga kura ili mwingine asijenge karibu naye, huyo hamtozi hata senti. Tena ada ikiwa nzito, mjenzi huenda zake mahali pengine, na maskini hukosa vyote viwili, nyumba na ada. Maneno haya yana uzito. Ada inayowekwa bila kupima yaweza kuwa sadaka itolewayo kwa mkono wa mtu mwingine: baraza lajisikia limewahurumia maskini, kumbe limemtwika mjenzi deni lililo la mji mzima. Sisi hatusemi kwamba ada ni mbaya. Twasema kwamba ada ifaa pale inapokuwa nyongeza ya haki, wala haifai pale inapokuwa badala yake. Mji unaofungua ardhi yake kwa nyumba ndogo, kisha ukatoza ada ya kiasi ili kumsaidia yule ambaye hata kwa nyumba ndogo hana uwezo, umefanya vema. Lakini mji unaoacha mlango umefungwa, kisha ukakusanya ada mlangoni, umefanya nini?

Swali hili latuleta kwenye jambo lililo zito kuliko yote katika habari hii. Mwaka 1985 jimbo la New Jersey lilitunga sheria ya nyumba, na ndani yake ikatiwa ruhusa ya namna ya ajabu. Mji wenye wajibu wa kuwa na nyumba za watu wenye pato dogo uliweza kupatana na mji mwingine wa upande ule ule wa nchi, ukaulipa fedha, na ule mji mwingine ukachukua mpaka nusu ya wajibu ule. Kwa lugha nyepesi, mji tajiri uliweza kuulipa mji wenye dhiki ili maskini wakae huko. Jambo hili liliendelea zaidi ya miaka 20, mpaka lilipokomeshwa mwaka 2008 kwa sheria ile ile iliyoweka ada ya majengo ya biashara.

Msifikiri kwamba waliolitetea walikuwa matajiri tu. Wakuu wa miji yenye dhiki nao walilitetea, na hoja yao ilikuwa ya kweli. Walisema, Watu wetu wako hapa sasa, wanakaa katika nyumba zinazovuja. Fedha hiyo hutengeneza mapaa na mabomba. Mwataka tuikatae kwa ajili ya maneno mazuri juu ya ujirani? Mtu mwenye moyo hawezi kuipita hoja hii kama upepo. Paa linalozuia mvua ni jema, hata likitoka mkononi mwa mtu asiyetaka kukuona. Ndiyo sababu tumesema kwamba swali hili ni gumu: pande zote mbili wamo watu wanaowapenda maskini.

Lakini na tupime kwa desturi zetu wenyewe. Siku ya msaragambo, watu wanapokwenda kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, asiyefika hutozwa. Hakuna anayelalamika, maana kazi ile yaweza kupimwa, na fedha yake yaweza kununua mikono mingine. Mfereji utachimbwa, maji yatapita. Lakini siku ya msiba je? Tajiri akituma ng'ombe na gunia la mchele, wala yeye mwenyewe asionekane, watu watakula, tena watashukuru. Ila hawatasema kwamba alikuja. Hapo kuna kitu ambacho ng'ombe hakiwezi. Basi yako madeni ya namna mbili. Deni la kazi hulipwa kwa fedha. Deni la kumkubali mtu kuwa mwenzako halina fedha yake, kwa kuwa kitu kinachodaiwa ni nafasi yake kati yenu.

Na nafasi hiyo si jambo la heshima tu. Mahali mtu anapokaa ndipo zilipo shule ya watoto wake, njia ya kazini, hospitali, maji, na usalama wake usiku. Fedha iliyokwenda katika mji wenye dhiki ilitengeneza nyumba, lakini haikumhamisha mtoto hata mmoja kumpeleka kwenye shule iliyo bora. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Msaada uliofungiwa mbali hufanya kazi yake nusu, na ile nusu nyingine, ambayo ni kumwingiza mtu katika mema ya mji, hubaki bila kufanywa. Tena miji yenye dhiki ilikubali fedha ile kwa sababu ya dhiki. Na mapatano ya mwenye shibe na mwenye njaa hayawezi kuitwa hiari bila shaka yoyote.

Mtu atauliza: Je, hofu ya watu wa Mount Laurel haikuwa na msingi? Walisema thamani ya nyumba zao itashuka, wizi utaongezeka, na kodi itapanda. Hofu hiyo haikubaki neno tu, imekwisha kupimwa. Baada ya miaka mingi ya mabishano nyumba zilijengwa huko, na watu wakaanza kuingia mwaka 2000. Leo zimefika 140, nazo huitwa kwa jina la Ethel Lawrence. Yeye mwenyewe hakuziona, maana alifariki mwaka 1994. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Douglas Massey, pamoja na wenzake, walichunguza mambo ya mji ule kabla na baada, wakaulinganisha na miji jirani, wakatoa kitabu mwaka 2013. Waliona kwamba nyumba zile hazikushusha thamani ya nyumba nyingine, hazikuongeza uhalifu, wala hazikupandisha kodi. Tena waliopata nafasi humo walizidi kupata kazi na pato kuliko wenzao walioomba wasipate, na watoto wao walikuwa katika shule zilizo bora na walisoma saa nyingi zaidi. Neno jingine latufaa kulifikiri: wengi katika majirani hawakujua hata jina la mahali pale. Walipiga kelele miaka 30 juu ya jambo ambalo, lilipokuja, hawakuliona.

Hata sasa mashindano hayajaisha. Mwaka 2015 mahakama ya juu ililazimika kuyarudisha mashauri haya mikononi mwa mahakimu, kwa sababu baraza la jimbo lililowekwa kwa kazi hiyo lilishindwa kuifanya. Na mwaka 2024 jimbo lilitunga sheria mpya ya kupima wajibu wa kila mji kwa miaka 10 tangu 2025. Baadhi ya miji imepinga, mingine imetii. Katika mabaraza yao bado wabishana juu ya kipimo cha ada na kipimo cha ruhusa, nasi hatuwezi kuwawekea hesabu hizo kutoka mbali. Mahali penye ardhi ya bei kubwa na mahali penye ardhi ya bei ndogo hapawezi kuwa na kipimo kimoja.

Ila kanuni twaweza kuisema, maana haki haina nchi. Baraza likutanapo juu ya nyumba, na lijiulize kwanza: Ni sheria gani zetu zinazoifanya nyumba iwe ya bei kubwa? Hizo na zirekebishwe kabla ya kumtoza mtu yeyote. Kisha lijiulize: Ruhusa tunayompa mjenzi ina thamani gani, na watu wapata nini kwa ajili yake, na kwa muda gani? Hayo na yasemwe hadharani, kila mtu ayasikie. Mwisho lijiulize: Ada hii twaitoza ili mtu apate kuingia, au ili asiingie? Ada za namna mbili hizo zaweza kuandikwa kwa maneno yale yale, zikawekwa katika hazina ile ile, na karani asione tofauti. Lakini tofauti yake ni kubwa.

Wako baadhi yenu, wasomaji, mnaokaa katika mabaraza, na wengine mwaitwa kutoa shauri pale kiwanja kinapogawanywa. Wengine hamna cheo, lakini mna ua na mlango, na mpangaji anayetafuta chumba. Swali lililoulizwa katika kanisa dogo la Mount Laurel mwaka 1970 laweza kuulizwa mlangoni kwa kila mmoja wetu, nalo huja kwa namna nyepesi sana: kuna mtu, ana watoto, ana kazi, hana pa kukaa. Kumpa fedha aende zake ni vema kuliko kumfukuza mikono mitupu. Lakini tusiite jambo hilo kumpokea.